Mishono Niliyoifumua Usiku

Nilifanya peke yangu, usiku, ukumbi umefungwa na watu wote wameshaondoka. Mbele yangu palikuwa na taa ya mezani, mkasi mdogo wa kufumulia, na kipande cha kitambaa chenye upana wa sentimita 30 na urefu huo huo. Kesho yake tulikuwa tutundike kazi yetu ya pamoja: vipande 48, safu 6 zenye vipande 8 kila moja, vilivyotariziwa na watu zaidi ya thelathini kwa miezi minne. Vipande 47 viliniridhisha. Hiki kimoja kilikuwa na picha ya birika, na mishono yake ilikuwa imetawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Nikakifumua chote. Nikakitarizi upya kwa rangi zile zile, nikaufuata mchoro wa mwenyewe bila kuongeza kitu, kisha nikakirudisha mahali pake. Saa nane za usiku nikaenda kulala nikijiona nimemtendea mtu wema.

Mwenyewe alikitambua kabla hata hajauweka mkoba wake chini.

"Hiki si changu."

Nikamwambia ni chake, mchoro ni wake, mimi nimenyoosha hapa na pale tu.

"Mwalimu," akasema, bila kupandisha sauti, "mkono wangu unatetemeka. Mishono yangu yote inatetemeka. Hii haitetemeki."

Akageuka, akatoka. Na mimi, niliyekuwa nimemtungia uzi kwenye sindano kila wiki kwa miezi minne kwa sababu ya huo huo mkono, nikabaki nimesimama na pini mdomoni.

Nimeendesha warsha za ushonaji, ufumaji na sanaa ya nyuzi kwa miaka mingi, na kila mara mtu huniuliza aanzishe vipi kundi lake. Wengi hutaka orodha ya vifaa. Basi niimalize hapa. Sindano zenye tundu kubwa. Mikasi inayokata kweli, na mkasi wa karatasi ukae chumba kingine, maana karatasi hula makali. Uzi wenye rangi inayopingana na kitambaa, ili anayejifunza auone mshono wake mwenyewe. Sumaku ya kuokotea sindano zilizoanguka, na hesabu ya sindano kabla na baada, hasa kama kuna watoto. Na mwanga, mwanga kuliko vyote. Wengi walioniambia "mimi sina mkono wa kushona" walikuwa tu wamekaa gizani. Ukimpata anayetumia mkono wa kushoto, usikae ubavuni mwake. Kaa mkabala naye, akuige kama anayejitazama kwenye kioo. Hayo ndiyo ya vifaa.

Kisichoingia kwenye orodha ni mikono yako wewe kiongozi, na wapi uiweke mwenzako anapokosea. Hapo ndipo nilipoanguka.

Siku ya kwanza huwa siwapi watu sindano. Nawapa sufu, maji ya moto na sabuni. Kila unywele wa sufu ya kondoo una magamba madogo mno, yamepandana kama vigae vya paa. Maji ya moto na sabuni huyafanya yainuke. Ukiusugua unywele huo na wenzake, magamba hunasana, na yakishanasana hayaachani tena. Unaanza na kitu kama wingu mezani, na baada ya saa moja una felti, kitambaa ambacho hakikufumwa wala kushonwa, kidogo kuliko ulichoanza nacho na kigumu kuliko unavyotarajia. Naipenda kazi hii kwa siku ya kwanza kwa sababu haina mshono wa kulinganisha na wa jirani. Anayeogopa sindano haogopi sabuni.

Siku moja, hata hivyo, tulisugua saa nzima na sufu ikabaki vile vile. Watu ishirini, povu hadi viwikoni, meza imelowa chapachapa, na ile sufu iko pale pale, laini, imejaa maji, haina habari. Mzee mmoja akainua tonge lake akalitazama, akasema, "Mwalimu, hii imekataa shule." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaitafuta lebo kwenye kapu la taka. Nilikuwa nimenunua sufu iliyotengenezwa iweze kufuliwa kwa mashine: magamba yake hupunguzwa makali kwa klorini, kisha hufunikwa kwa utando mwembamba, makusudi kabisa ili isinasane. Lebo ilisema wazi. Mimi nilikuwa nimeangalia rangi.

Walimu wengi wa kazi hii hupima uzi kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, pamba hunuka karatasi, na poliesta huyeyuka ikaacha kitone kigumu kama shanga. Ni kipimo kizuri, ila siku ile kisingeniokoa, kwa sababu ile ilikuwa sufu halisi. Dawa yake ni ya kitoto zaidi: chukua kishungi kidogo nyumbani, maji ya moto, sabuni, sugua kiganjani dakika chache. Kikinasana, nenda darasani. Siku hizi sifungui warsha bila kufanya hivyo. Nikiri pia kwamba kundi la siku ile ndilo lililokaa pamoja muda mrefu kuliko yote niliyoyaongoza, na nadhani ni kwa sababu wa kwanza kuharibu kazi nilikuwa mimi.

Wiki ya pili ndipo sindano hutoka, na somo la kwanza ni kufumua. Shona mishono kumi ya bandi, kisha ifumue yote bila kuchana kitambaa. Rudia. Watu hushangaa, wamekuja kujenga nami nawafundisha kubomoa. Lakini Kiswahili chenyewe kilishalijua jambo hili zamani: fuma ina fumua, shona ina shonoa, kunja ina kunjua, tata ina tatua. Kila tendo la uzi limezaliwa na pacha wake wa kulirudisha nyuma. Mchonga vinyago akikosea, ubao haurudi. Mfinyanzi akishachoma chungu, amekichoma. Uzi unasamehe, na mtu anayelijua hilo vidoleni mwake huacha kuogopa. Nimewaona watu wazima waliokuwa wakishika sindano kama wameshika nge, wakibadilika ndani ya dakika kumi baada ya kugundua kwamba kosa linatoka kwa kuvuta tu.

Sharti nililowawekea ni kwamba anayefumua ni mwenye kazi. Nilikuwa nalisema kila msimu, kwa sauti, nimesimama. Endelea kusoma.

Kazi ya pamoja ina swali moja linalosumbua kuliko mengine: utawaachia watu uhuru kiasi gani? Ukiwaachia wote, unapata mrundikano ambao hauwezi kushonwa pamoja. Ukiwabana, unapata kazi yako wewe iliyofanywa na vibarua wasiolipwa. Jibu langu nililichukua kwenye ule mfarishi mkubwa, yaani blanketi la vipande vilivyoshonwa pamoja, wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI nchini Marekani, ulioanzia San Francisco kwa wazo la Cleve Jones. Tarehe 11 Oktoba 1987 ulitandazwa Washington, kwenye uwanja wa National Mall, ukiwa na vipande 1,920. Kila kipande kilikuwa na futi 3 kwa 6, kadiri ya kaburi la mtu. Kipimo hicho hakikuwa na mjadala. Ndani yake watu walishona walichotaka: suruali za marehemu, barua, vifungo, wanasesere, majina yaliyokatwa kwa mkasi butu. Vipande vinane vikiunganishwa vinatoa mraba wa futi 12, na miraba ikakaa pamoja bila kugombana. Leo umefikia karibu vipande 50,000 na uzito wa tani 54, na kwa ninavyouona, umeweza kukua hivyo kwa sababu ni kitu kimoja tu kilichokazwa, mengine yote yakaachwa wazi.

Basi na sisi tukakaza kitu kimoja, sentimita 30. Hapo nitoe onyo la fundi. Utarizi unakivuta kitambaa. Mtu anayejaza picha nzima kwa mishono iliyobanana atakurudishia kipande cha sentimita 28 na ataapa hakukikata. Kwa hiyo wape kitambaa cha 36, wapigie mstari wa bandi kuonyesha 30 ni wapi, na usikate mpaka kazi iishe. Kati ya kipande na kipande weka ukanda wa kitambaa cha rangi moja, upana wa vidole viwili au vitatu. Ukanda huo utaficha tofauti zote na kulipa jicho mahali pa kupumzika. Kisha bitana nyuma yote, ibebe uzito. Bila bitana, kazi itaning'inia kwa nyuzi za watu waliojifunza kupiga fundo juzi.

Meza ya kushonea ina tabia yake. Watu wakiwa wameinamisha macho, mikono ina shughuli, husema mambo ambayo hawangeyasema wakitazamana. Mtu anaanza na habari za uzi kukatika, baada ya robo saa yuko kwenye ndoa yake. Chile, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1973, wanawake ambao ndugu zao walikamatwa wasionekane tena walikaa pamoja wakashona vipande vya nguo kuukuu juu ya kitambaa cha gunia, picha za mitaa, polisi na watu waliotoweka. Picha zile, arpillera kwa Kihispania, zilisafirishwa nje ya nchi zikasema yaliyokuwa yamekatazwa kusemwa. Kwa mbali zinafanana na mchezo wa watoto. Ukisogea ndipo unapoona kwamba huyo mwanasesere mdogo pale ukutani amefungwa mikono.

Sisi hatukuwa na utawala wa kijeshi, lakini meza yetu ilisikia mengi. Nilijifunza kutojibu. Mimi si mshauri wa ndoa wala wa misiba, na mtu akilia juu ya kazi yake nampa kitambaa kikavu, si maneno. Yule mwenye birika hakusema kitu kamwe. Alikuja, akakaa pembeni, akanipa sindano nimtungie uzi, akashona taratibu, akisubiri mkono utulie kati ya mshono na mshono. Mara nyingine ulikuwa hautulii. Akaendelea hivyo hivyo.

Kinachoniumiza ni kwamba somo hili nilikuwa nalijua. Msimu uliotangulia tulifuma maumbo ya matumbawe kwa ndoana, yaani kwa kroshia. Wazo ni la pacha wawili wazaliwa wa Australia, Margaret na Christine Wertheim, walioanza mwaka 2005 huko Los Angeles kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa uzi, na maelfu ya watu wakajiunga nao sehemu mbalimbali za dunia. Msingi wake ni wa kihesabu. Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia, alikuwa ameonyesha mwaka 1997, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, kwamba uso wa jiometri ya haipaboliki, yaani uso unaojikunja mawimbi kila upande, uliowatesa walimu kwa mifano ya karatasi iliyochanika, unaweza kufumwa kwa ndoana. Kanuni yenyewe mtoto anaiweza: fuma, na kila baada ya idadi fulani ya mishono ongeza mmoja. Ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo, hauna pa kwenda, unajikunja mawimbi mawimbi. Ongeza kila baada ya mishono kumi na miwili, mawimbi yanakuja polepole. Ongeza kila baada ya mitatu, unapata kitu kilichosokotana kama jani la kabichi.

Katika kundi letu, matumbawe mazuri kuliko yote yalitoka kwa waliopoteza hesabu. Waliohesabu vizuri walipata umbo zuri linalojirudia. Aliyekuwa akipiga soga akaongeza mishono ovyo alipata kitu ambacho ungedhani kimetolewa baharini asubuhi ile. Nilisimama mbele ya watu nikasema maneno matamu sana juu ya uzuri wa kosa. Mwaka haukuisha nikashika mkasi.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu si zuri. Siku ya kutundika tulikuwa tutembelewe na mtu wa sanaa, yaani sanaa ile yenye kuta nyeupe na taa za juu. Kwa miaka mingi kazi zetu zilikuwa zikiitwa "kazi za mikono" kwa tabasamu lile la kumtazama mtoto aliyechora jua. Hilo si langu peke yangu. Mfumaji Anni Albers alipoingia shule ya sanaa ya Bauhaus nchini Ujerumani mwaka 1922, karakana iliyokuwa wazi kwa wanawake kwa kweli ilikuwa ya ufumaji, na yeye mwenyewe hakuitaka mwanzoni. Uzi aliuona ni mambo laini laini. Mwaka 1949 MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, likampa maonyesho ya peke yake, ya kwanza kwa msanii wa vitambaa katika jumba hilo. Nilikuwa nikiwasimulia watu kisa hicho kama habari ya ushindi. Nikitazama nyuma, nadhani nilikuwa nikiusubiri mwaka wangu wa 1949, na birika lililotetemeka lilikuwa limenikalia njiani. Kulikuwa na ofisi pia iliyotulipia uzi, iliyotaka picha safi na idadi ya mahudhurio, lakini ofisi haikuniambia nifumue. Hiyo nisiitafutie mwenzangu wa kubeba.

Tena nilikuwa nimekosea hata kama fundi. Nilipokitazama upya kile kipande mchana, kwa mwanga wa kutosha (mimi ninayehubiri mwanga), ndipo nilipoliona. Katika mchoro wake, birika lilikuwa linachemka. Kutoka mdomoni ulipanda mvuke, mistari mitatu ya uzi wa kijivu. Mkono wake uliotetemeka ulikuwa umeushona ule mvuke jinsi mvuke unavyokwenda, unakatika, unahama, unapotea. Mimi nilikuwa nimeunyoosha. Mistari mitatu imesimama wima juu ya birika kama waya za simu.

Nilimfuata kabla ya maonyesho. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza nikiomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Nilimwomba akifumue kile kipande akishone tena, tungekitia hata baada ya wiki. Akasema ule uzi alikwisha kuushona mara moja. Halafu akaniambia:

"Kama wakipenda, kitie jina lako."

Ule uzi wa kijivu, wake, nilikuwa nimeutupa. Vinyuzi vifupi vifupi, nilivifagia na vumbi.

Tuliporudi kutundika zilikuwa zimebaki saa tatu. Kazi ya namna hii hutundikwa kwa mfereji wa kitambaa ulioshonwa juu nyuma yake, upana wote, fimbo ipite ndani ili uzito ugawanyike. Usithubutu kupigilia misumari kwenye pembe, kwa sababu baada ya siku chache pembe zitapanda na katikati itashuka kama tumbo. Fimbo ilikuwa tayari, ngazi tayari. Majina yote yalikuwa yametariziwa nyuma kwenye bitana, na jina lake lilikuwa kati yao, kwa mkono wake. Kijana mmoja akapendekeza tujaze nafasi kwa kitambaa kitupu chenye rangi inayolingana. Mwingine akasema birika libaki, nani atajua. Mama mmoja aliyekuwa akikaa jirani na yule mwenye birika alituma jicho upande wangu, hakusema neno.

Nikachukua mkasi ule ule. Nusu saa kukitoa bila kuchana kanda za pembeni. Safu ya 4, kipande cha 3 kutoka kushoto, pakabaki mraba wa bitana tupu, na tundu dogo dogo za sindano kuuzunguka.

Watu walikuja. Mtu wa sanaa naye alikuja, akapita safu ya kwanza haraka, ya pili haraka, kisha akasimama mbele ya ile nafasi muda mrefu, mikono nyuma. Akaniita. Akasema hapo ndipo kazi nzima inapopumulia, kwamba kuacha pengo moja katikati ya vipande vyote vile ni uamuzi wa ujasiri, akauliza ni wazo la nani.

Nikamwambia si wazo. Nikamgeuzia kazi upande wa nyuma, nikamwonyesha jina.